Mashine ya Msasa Ilipovuka Mto

Siku ambayo mashine ya msasa ilikuwa iende kuyeyushwa, mgeni alifika saa mbili asubuhi, na Katsumata Tomoe akamkemea kabla hajamsalimu.

"Umewahi mno. Tuliagana saa nne. Haya, ingia, iko kule mwisho. Angalia kizingiti, kimeshaangusha wengi."

Mgeni alikuwa kijana mrefu, mkono wa kulia umefungwa bendeji kiwikoni hadi kifundoni. Alivua kofia, akainama, akafungua mdomo kama mtu anayetaka kujieleza, kisha akaghairi, akavuka kizingiti. Tomoe akamfuata na spana mkononi, tayari kumwonyesha boliti za sakafuni.

Karakana ilikuwa tupu kiasi cha sauti za nyayo kurudi. Miaka mingi hapa zilitengenezwa meza za kioo cha kujitazamia za mabibi harusi. Baba yake Tomoe akikata na kuunganisha, Tomoe akisugua kingo mpaka zikawa laini kama shavu. Siku hizi nyumba zinajengwa na vioo ukutani, na mabibi harusi wanakwenda kwa waume zao na televisheni. Baada ya mazishi ya baba, mashine ziliuzwa moja moja. Ilibaki hii tu: sahani ya chuma pana kama sinia ya harusi, iliyobandikwa msasa, ikizungushwa na mota kwa mkanda, na mbele yake kijimeza cha kuegeshea mti. Nzito, kuukuu, hakuna aliyeitaka. Ndipo akaitwa mtu wa vyuma chakavu.

Lakini kijana huyu hakuipima kwa macho kama wafanyavyo watu wa vyuma chakavu. Aliipitishia sahani kidole gumba ukingoni, akaizungusha taratibu kwa mkono wa kushoto, akainamisha sikio kwenye beringi kama anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Wewe si mtu wa vyuma chakavu," Tomoe akasema.

"Hapana, mama Katsumata. Naomba radhi. Naitwa Hagita, nimetoka milimani, juu ya Mto Abe. Mnoa misumeno ndiye aliyeniambia kuna mashine hapa. Nilitaka kupiga simu kwanza, akasema wewe huuzi vitu kwa simu."

"Huyo ulimi wake ndio wenye makali, misumeno yake hata tofu laini haikati. Kwa nini hukusema ulipoingia?"

"Hukunipa nafasi, mama."

Tomoe akamtazama upya. Jibu lile halikuwa na dharau. Ilikuwa kweli tupu.

Noboru, mumewe, akaleta chai na figili za kuchachushwa. Tangu astaafu kiwanda cha karatasi, alikuwa haachi mgeni apite bila kumhoji.

"Mkono umeliwa na nini?"

"Msasa, mzee. Nasugua kwa mkono."

"Unasugua nini, mlima?"

Hagita akacheka, kisha akaeleza, macho yakiwa kwenye kikombe. Alikuwa karani wa bima huko Nagoya. Mwaka juzi aliacha kazi, akapanga nyumba kijijini pamoja na banda la zamani la kukaushia chai, akaanza useremala. Kijiji kile kilikuwa kinazeeka. Shule ya chekechea ilikuwa na watoto wanne. Mwaka huu, kwa bahati ambayo hakuna aliyeitegemea, wangeingia kumi na mmoja. Wazee wakaamua kila mtoto akalie kiti cha mti wa hinoki uliokatwa kijijini, na kazi wakampa yeye.

"Sherehe ya kuwapokea ni tarehe nane Aprili," akasema. "Viti vikiwa tayari, wameahidi kuniachia banda kwa miaka kumi. Visipokuwa tayari, mwenye banda ataligeuza maegesho. Nami nitarudi kwenye bima."

"Umefika wapi?"

"Mbao zote zimekatwa. Miguu arobaini na minne, vikalio kumi na moja. Kinachobaki ni kuviringa kingo, maana ni watoto wa miaka mitatu, wanaanguka hata wakiwa wamesimama. Nimemaliza mguu mmoja, na daktari amenikataza wa pili."

Ilikuwa tarehe ishirini na tisa Machi.

Tomoe alikwenda ukutani, akabonyeza swichi. Mashine ikaguna, ikapanda, ikatulia kwenye wimbo wake wa chini ambao alikuwa akiusikia hata usingizini. Akampa kijana kipande cha mti.

Hagita akakikandamiza. Tomoe akampiga kofi dogo begani.

"Unagombana naye? Mguse tu. Na kaa upande huu, sahani inapoteremka, mti utulie mezani. Upande ule inapopanda itakurushia usoni. Sasa mzungushe kama unamgeuza mtoto amelala."

Mara ya tatu ukingo ukatoka mviringo, mweupe, bila alama. Kijana akaupitishia kidole, akaupitishia tena. Tomoe akaijua furaha ile, naye akageuka kuzima mashine ili asiitazame sana.

"Umeme unao? Hii haiingii kwenye tundu la taa. Inataka umeme wa waya tatu."

"Upo, mama. Banda la chai lilikuwa na mashine. Nimeshalipia uwashwe."

"Umefikiria. Wengi wananunua mashine kwanza, halafu ndio wanaiuliza inakula nini."

Basi watu watatu wakakaa na kusifu waya tatu, wakanywa chai, wala hakuna hata mmoja aliyefikiria kitu kingine kilichokuwa wazi kama pua.

Hagita alikuja na bahasha ya yeni elfu thelathini. Tomoe akachukua elfu nane, bei ya chuma chakavu, akamrudishia bahasha.

"Nakuuzia nilivyokuwa nauza. Lakini sikiliza. Marehemu baba alikuwa akisema, kitu kikitoka mlango huu, kinafanya kazi kule kilikokwenda. Mashine hii haijawahi kuunguza mti mikononi mwangu. Ikikukatalia kwako, nitakuja mwenyewe kabla ya tarehe nane niiweke sawa."

"Usimzoeshe, mama Ruri," Noboru akasema, akimwita kwa jina la binti yao. "Atakuita kila wiki ukamfulie."

Saa nne mtu wa vyuma chakavu akafika, akakuta chuma chake kimepata mchumba. Akanung'unika, akapewa gunia la boliti za zamani, mwisho akasaidia hata kupakia. Kigari kidogo alichoazima Hagita kikabonyea matairi, kikaondoka taratibu kuelekea magharibi, kikavuka daraja la Mto Fuji.

Simu ililia tarehe mosi, jioni.

"Mama Katsumata, ni Hagita. Samahani sana kukusumbua. Pengine ni mkono wangu."

"Sema."

"Inaunguza. Kila nikigusa, ukingo unakuwa wa kahawia, utomvu unaziba msasa. Nimebadilisha msasa mara mbili. Nimegusa kama ulivyonionyesha. Miguu mitatu imeharibika."

Tomoe akauliza habari ya msasa, unga gani, sawa. Akauliza beringi, sawa. Meza imekaa sawa na sahani? Sawa.

"Inaliaje?"

Kijana akasita. "Kwako ilikuwa ikiguna kama mzee. Huku inaimba. Nilidhani ni ukubwa wa banda."

Noboru, aliyekuwa akisoma gazeti, akainua kichwa, kwa sababu mkewe alikuwa ameweka kiganja juu ya macho.

"Hagita," akasema. "Mto."

"Mto?"

"Tumevuka mto."

Upande wa pili wa simu ikasikika pumzi ndefu ya mtu aliyejiona mjinga kuliko wote. Nani katika nchi hii hajui? Mashariki ya Mto Fuji umeme unapiga mara hamsini kwa sekunde, magharibi mara sitini, tangu enzi za mababu waliponunua mitambo, kila upande kwa muuzaji wake. Anayehama akivuka, saa ya ukutani inamkimbia, na gramafoni inamwimbia kama panya. Mota iliyozoea hamsini ikipewa sitini inakwenda mbio zaidi kwa moja ya tano. Kwa chuma si neno. Kwa hinoki, mti laini wenye utomvu, ni moto.

Tomoe alipoweka simu chini, Noboru alikuwa anamsubiri.

"Nani alibadilisha puli ya mashine ya kufulia Ruri alipoolewa Shizuoka, ng'ambo ya mto?"

"Mimi."

"Na nani aliniita bwege niliposema nguo zitakauka haraka zaidi?"

"Umeshafurahi? Basi niletee daftari la simu."

Dawa ilijulikana. Puli, lile gurudumu la mkanda kwenye mhimili wa sahani, ilitakiwa kuongezeka kipenyo kwa moja ya tano. Mkanda ukizunguka gurudumu kubwa zaidi, sahani inarudi kwenye mwendo wake. Lakini puli ile ilikuwa ya kipimo cha kale, na kiwanda kilichoisubu kilikuwa kimekufa kabla ya baba. Asubuhi alipiga simu sehemu sita. Aliyetoa jibu zuri kuliko wote alisema wiki tatu.

Palikuwa na njia nyingine, ya mafundi wa zamani: kuivika puli koti la mti. Vipande viwili vya nusu duara, vinakumbatia chuma, vinakazwa kwa skrubu, kisha vinachongwa humohumo vikizunguka. Baba yake alifanya hivyo wakati wa vita, chuma kilipokuwa hakipatikani. Shida ni mti wenyewe. Mbao inayouzwa sokoni kama kavu ina mwaka, miwili. Kwenye puli itapata joto, itasinyaa, itatema mkanda. Na mkanda uliotemwa hauchagui wa kumpiga. Ilitakiwa mti uliosahau kabisa kwamba uliwahi kunywa maji.

Na mti wa namna hiyo ndani ya nyumba ile ulikuwa mmoja.

Ulikuwa juu ya kabati la futoni, magodoro ya kukunja, umefungwa kwa kitambaa cha buluu. Gogo la keyaki, mti mgumu, urefu wa mkono mzima, lililopasuliwa na baba yake mwaka aliozaliwa Tomoe na kuwekwa likauke. Ubavuni aliandika kwa wino mwaka wa enzi ya mfalme na jina la mtoto: *Showa sita, Tomoe.* Alikusudia siku moja kuchonga nguzo mbili za meza ya kioo ya binti yake. Kila mwaka zilikuja meza za watu, za haraka, zenye tarehe za harusi. Tomoe mwenyewe aliolewa bila meza. Walicheka, wakasema seremala hulala kitanda kibovu. Alisugua meza za wanawake wengine miaka thelathini. Sasa karakana ilipofungwa alikuwa ameahidi nafsi yake kwamba angeimaliza kwa mkono wake. Mchoro ulikuwa tayari. Nguzo mbili, urefu wote wa gogo, bila kiungo.

Alilishusha, akaliweka juu ya meza, akakaa mbele yake kwa muda mrefu. Noboru akaja akakaa ng'ambo.

"Ukimrudishia kijana elfu nane yake, nani atakulaumu?"

"Hakuna."

"Naye si mtoto. Alisahau mto kama ulivyosahau wewe. Mimi pia, ingawa mimi sihesabiwi."

"Najua."

"Basi?"

"Baba hakusema kitu kikitoka mlango huu pesa zinarudi," Tomoe akasema. "Na isitoshe nilimwambia nitakuja. Nilisema mbele yako, ukanicheka."

Noboru akakuna shingo. Yeye aliujua mchoro ule. Alikuwa ameshapima ukuta wa kuwekea meza, kwa siri, akitumia kamba ili mkewe asione futi.

"Nikushikie upande gani?" akauliza.

"Huu wenye jina."

Msumeno ulipoingia, mti ulitoa sauti kavu, kama vigae. Harufu iliyotoka ilikuwa ya miaka hamsini na miwili, nyembamba, yenye pilipili kidogo. Tomoe hakulia. Alipofika katikati alisimama kubadilisha mkono, akasema tu kwamba mzee alikuwa ameuchagua mti vizuri, hauna ufa hata mmoja. Siku mbili alichonga kwa msumeno mwembamba, patasi na randa ndogo ya kuviringa, akifuata vipimo ambavyo Hagita alimsomea kwa simu ya dukani, namba moja moja, kila moja mara mbili. Kilichobaki cha gogo ni kipande cha shubiri.

Tarehe tano walipanda treni. Noboru alibeba patasi, Tomoe alibeba nusu duara mbili katika kitambaa kilekile cha buluu, magotini. Treni ilipoingia darajani, mto ulikuwa mpana na wenye mawe meupe, maji yake yamejitenga katika njia tatu nne, na Mlima Fuji nyuma yao umejifunika wingu.

"Hapa," Noboru akasema. "Kuanzia hapa, mama Ruri, tunazeeka haraka kwa moja ya tano."

"Wewe ulishaanza nyumbani."

Hagita aliwapokea kituoni, akawapandisha mlimani kwa saa nzima. Banda lilinukia chai ya zamani na hinoki mpya. Viti vilikuwa vimelazwa juu ya mikeka, vikalio na miguu, kila fungu na jina la mtoto kwenye karatasi. Mashine ilisimama katikati, sakafu imefagiliwa kwa heshima kuizunguka.

Kijana alipoona kilichokuwemo ndani ya kitambaa alisimama. Alikuwa seremala wa miaka miwili tu, lakini macho alikuwa nayo.

"Mama, hii si mbao ya kufanyia puli."

"Leo ni ya puli. Leta spana."

"Lakini hii ilikuwa ya kitu kingine. Kuna maandishi."

"Hagita. Una siku tatu. Unataka tuzungumze, au unataka kuviringa kingo?"

Akaleta spana. Wakavua mkanda, wakaifuta puli mafuta, wakaikumbatisha nusu mbili. Zilikaa bila kuacha nafasi ya kupita hata karatasi. Wakakaza skrubu, vichwa vikazama. Wakaisogeza mota karibu kwenye reli zake, mkanda ukatosha. Kisha Tomoe akafunga ubao mbele ya puli wa kuegemezea patasi, akavaa miwani, akamwambia Noboru awashe.

Maranda yakaanza kutoka, membamba, ya rangi ya asali, yakimwangukia mikononi. Alichonga akiuacha mgongo wa puli na tumbo dogo katikati, kwa kuwa mkanda hupenda kupanda palipoinuka, na ukipanda katikati hautoki tena. Kila mara alizima, akapima, akawasha. Hagita alikuwa amechuchumaa kando, hapepesi.

Saa saba mchana Tomoe aliweka patasi chini, akapiga magoti, akasikiliza.

Mashine ilikuwa inaguna kama mzee.

Akachukua mguu mmoja kutoka fungu la karibu. Karatasi yake ilisema *Chizuru*. Akauegesha upande sahani inapoteremka, akaugusa, akaugeuza taratibu. Vumbi likatoka jeupe. Harufu ilikuwa ya hinoki mbichi, hapakuwa na moshi. Aliutazama ukingo kwenye mwanga wa mlango, akaupitisha shavuni, kama alivyozoea kwa meza za mabibi harusi, kisha akampa Hagita.

Kijana naye akaupitisha shavuni. Alikaa nao pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Imebaki arobaini na miwili," akasema mwishowe.

"Na ile mitatu uliyoichoma, mbao unayo?"

"Ninayo."

"Basi kaa hapa. Mimi nasugua mpaka treni ya jioni, wewe unanipa na kupokea. Mkono huo mbovu usiguse kitu. Baba Ruri, tafuta ufagio, usisimame kama shahidi wa ajali."

"Nilijua nitapewa cheo," Noboru akasema, akaenda kutafuta ufagio.

Kabla ya kuanza, Tomoe alizima mashine kwa mara ya mwisho ili akaze skrubu moja. Puli ikapunguza mwendo, ikasimama. Kwenye ubavu wa mti, patasi haikufika kila mahali; ulikuwa umebaki mstari mmoja wa wino, wa jina lake, mweusi bado. Akauangalia. Akaufuta vumbi kwa kidole gumba.

Kisha akabonyeza swichi, wino ukayeyuka katika mzunguko, na kijana akamkabidhi mguu wa pili wa Chizuru.